"Ender's Game" na Neno "Kadogo": Hukumu ya Msomaji juu ya Askari Watoto

Mwezi wa Agosti, 1977, gazeti la Marekani liitwalo Analog lilichapa hadithi fupi ya kisayansi yenye jina la "Ender's Game", yaani mchezo wa Ender. Mtungaji wake, Orson Scott Card, alikuwa kijana aliyezaliwa mwaka wa 1951. Tarehe 8 Juni mwaka huo huo wa 1977, mjini Geneva, wajumbe wa mataifa walikuwa wamepitisha itifaki mbili zilizotaka watoto wasiotimiza umri wa miaka 15 wasiandikishwe jeshini. Mambo hayo mawili yalikutana kwa sadfa tu. Lakini tangu hapo hadithi na sheria zimekwenda njia mbili zenye kuulizana swali moja: dhambi ya vita vya mtoto ni ya nani?

Card aliipanua hadithi yake ikawa riwaya mwaka wa 1985, nayo ikapata tuzo mbili kubwa za fasihi ya namna hiyo, Nebula na Hugo. Ender achukuliwa kwao akiwa na miaka sita, apelekwe katika shule ya vita iliyo angani, kwa kuwa wakubwa wanaogopa viumbe wa nyota za mbali waliokwisha kuishambulia dunia. Huko afundishwa kwa michezo. Mwisho atiwa katika mtihani, naye, kwa kuchoshwa na walimu wake, aiangamiza sayari nzima ya adui. Ndipo aambiwapo kwamba haukuwa mtihani: meli zilikuwa meli za kweli, na waliokufa wamekufa.

Msomaji mwenye kuijali lugha hawezi kupita hapo bila ya kusimama. Silaha ya kwanza ya wakubwa wale si bunduki, bali ni neno. Vita vyaitwa mchezo, kambi yaitwa shule, na mauaji yaitwa mtihani. Mtoto huamini jina la kitu kabla ya kukijua kitu chenyewe, na kwa imani hiyo hutumiwa.

Afrika haikungoja riwaya ili kuyajua haya. Majeshi ya National Resistance Army, yaliyoingia Kampala mwezi wa Januari, 1986, yalikuwa na watoto ndani yake, nao waliitwa "kadogo". Miaka kumi baadaye neno hilo lilienea Kongo pamoja na majeshi ya Laurent Kabila, yaliyoiteka Kinshasa mwezi wa Mei, 1997. Shina lake ni -dogo, na kiambishi chake ni ka-. Kiswahili Sanifu huonyesha udogo kwa ki- na vi-, lakini usemi wa bara na wa Kongo hutumia ka-, na wingi wake tu-, kama katoto na tutoto. Kiambishi hicho hubeba mapenzi pamoja na udogo. Ni sauti ya mama amwitaye mwanawe. Basi jina la kubembeleza likafunika bunduki, kama vile neno "mchezo" lilivyofunika vita vya Ender.

Katika hukumu, riwaya na historia zaachana. Mwishoni mwa kitabu, Kanali Graff, aliyemchukua Ender, ashitakiwa na kuachiliwa, kwa kuwa ushindi umemtetea. Katika ulimwengu wa kweli, Thomas Lubanga alitiwa hatiani mjini The Hague tarehe 14 Machi, 2012, kwa kuwaandikisha na kuwatumia vitani watoto wa chini ya miaka 15 huko Ituri, akafungwa miaka 14. Neno "kadogo" lilisikika mbele ya mahakimu wale.

Mhakiki John Kessel aliandika mwaka wa 2004 kwamba Card amekipanga kisa chake ili muuaji abaki safi daima, kwa kuwa nia yake ni njema. Lawama hiyo ina nguvu, kwani Ender awaua pia watoto wenziwe wawili kwa mikono yake, na kila mara msomaji ashawishiwa kumsamehe. Lakini yapungua mahali pamoja: Ender mwenyewe haukubali msamaha huo. Hubeba kifukofuko cha malkia wa viumbe aliowaangamiza, akatafuta mahali pa kukirudishia uhai.

Ugumu wenyewe ulionekana katika kesi ya Dominic Ongwen wa Uganda, aliyetekwa na waasi angali mtoto, akakua akawa kamanda wao. Mahakama ile ile ilimtia hatiani mwezi wa Februari, 2021. Kisha, mwezi wa Mei, ikampa miaka 25, ikiupunguza uzito wa adhabu kwa ajili ya utoto wake ulioporwa. Haikusema kwamba ni safi, wala haikusahau aliyotendwa.

Hapo ndipo riwaya ya Card ipimwapo. Yasifiwa kwa kufichua hila ya wakubwa, na yalaumiwa kwa kumwachilia Graff upesi mno. Mtoto apewapo jina tamu kabla ya kupewa silaha, wa kwanza kuulizwa ni yule aliyelitunga jina.