Pingili na Jina Lake: Historia ya Kugawana Mbegu katika Pwani ya Mtwara na Ruvuma

Utangulizi

Historia ya mazao katika Afrika Mashariki huandikwa kwa kawaida kwa kufuata mashamba makubwa: karafuu za Unguja na Pemba, mkonge wa Tanga, karanga za Nachingwea. Mashamba hayo yaliacha nyaraka nyingi, hata yale yaliyoshindwa. Mpango wa Karanga ulioanzishwa na serikali ya Uingereza mwaka 1947 ulivunjika mwaka 1951, lakini kumbukumbu zake zimejaza makabati, na bandari ya Mtwara yenyewe ni mojawapo ya masalia yake. Bustani iliyo nyuma ya nyumba na konde la muhogo havikuacha nyaraka za namna hiyo. Hata hivyo, sehemu kubwa ya chakula kinacholiwa leo kati ya Mikindani, Msimbati na mdomo wa Mto Ruvuma ilifika huko kwa njia ya bustani: mtu alikuwa na mbegu iliyozidi, akampa jirani, na jirani akampa mwingine.

Mhadhara huu unachunguza historia hiyo kwa kutumia ushahidi ambao mwanaisimu anao, yaani majina. Hoja yake ni kwamba mmea unapotoka mkono mmoja kwenda mwingine hutoka na jina, au hupewa jina jipya mara unapopokelewa, na kwamba majina hayo ni kumbukumbu ya ugawanaji inayostahili kusomwa kwa uangalifu uleule unaotumika kusoma hati. Aidha, jambo hili si la zamani tu. Sayansi ya kilimo na sheria ya mbegu sasa zinaukabili mkono huo unaotoa, na namna zitakavyouelewa inagusa chakula cha watu wengi.

Tunda la mgeni, mti wa mwenyeji

Majina ya mimea katika Kiswahili huonesha waziwazi mtoaji, au yule aliyedhaniwa kuwa mtoaji. Manga lilikuwa jina la zamani la Uarabuni, hususan Omani. Ndiyo maana kuna komamanga, kungumanga na pilipili manga. Mahindi yalipewa jina la Uhindi ingawa asili yake ni bara la Amerika, kwa sababu aliyeyapokea alimtazama mfanyabiashara aliyekuwa mbele yake, naye hakuwa na haja ya kujua safari yote iliyotangulia. Kiazi ulaya kimebeba jina la Ulaya, ingawa nacho kilitoka Amerika ya Kusini. Njugu nyasa, jina jingine la karanga, huelekeza fikra bara, upande wa ziwa. Kwa hiyo jina la namna hii halisemi mmea ulizaliwa wapi. Linasema mpokeaji alimwona nani akiutoa.

Kundi la pili ni la majina yaliyochukuliwa pamoja na tunda lenyewe. Embe na fenesi yana asili ya lugha za Kihindi. Nanasi na pera yalipitia Kireno. Katika kundi hili sarufi ya Kiswahili inafanya kazi muhimu. Tunda huingia na jina la kigeni, lakini mti wake hutengenezewa jina nyumbani kwa kuongezewa kiambishi cha ngeli ya M-/MI-: mwembe, mfenesi, mnanasi, mpera. Tunda linaweza kununuliwa sokoni na kuliwa siku hiyo hiyo. Mti unahitaji mtu wa kuhifadhi kokwa au chipukizi, mahali pa kupanda, na miaka ya kungoja. Kiambishi hicho kidogo, basi, kinautia mmea katika ngeli ile ile ya miti iliyokuwapo kabla yake, bila alama yoyote ya ugeni.

Mkorosho, ambao leo ndio mti wa biashara wa Mtwara, ni mfano mzuri. Asili yake ni Brazili, na Wareno ndio walioufikisha katika pwani hii. Lakini Kiswahili kimeupa utajiri wa istilahi usiolingana na ugeni wake: korosho kwa mbegu, bibo kwa tunda lenye maji, na mti wenyewe ukaitwa mkorosho, mkanju au mbibo. Watu hawakiiti kila kiungo cha mti kwa jina lake mpaka wawe wameishi nao.

Ziada ya mavuno

Muhogo nao ulitoka Amerika ya Kusini, ukaletwa Afrika na Wareno, na kufikia karne ya 19 ulikuwa umekwisha kuwa chakula cha kawaida katika sehemu nyingi za pwani. Katika mikoa ya kusini huliwa ukiwa mbichi, wa kuchemsha, au kama makopa yanayotwangwa na kusongwa ugali. Majani yake ni kisamvu. Zao hili ndilo linaloonesha kwa uwazi zaidi kwa nini ugawanaji ulishamiri.

Katika lugha ya wakulima, neno mbegu halitofautishi punje na kipande cha shina. Mbegu ya muhogo ni pingili, kama vile mbegu ya viazi vitamu ni rando. Tofauti iko katika uchumi wake. Punje ya mahindi ni chakula, na anayeitoa anapunguza ghala lake. Pingili hailiwi. Anayeng'oa shamba lake hubaki na mashina mengi kuliko anayoweza kuyapanda tena, kwa kuwa shina moja hukatwa pingili kadhaa. Yakiwekwa kivulini hudumu wiki chache, kisha hukauka. Mwenye kunyima, basi, hajibakizii chochote. Methali isemayo kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, hapa inapata maana ya wazi kabisa: mtu asiye na fedha anaweza kuwa mtoaji mkubwa wa mbegu kijijini kwake mvua za Novemba na Desemba zinapokaribia.

Ziada hiyo ina faida nyingine ambayo haionekani mara moja. Anayempa jirani pingili anaweka akiba katika shamba la mwingine. Moto, nguruwe mwitu au ukame ukiliharibu konde lake, atakwenda kuomba mbegu yake mwenyewe kwa yule aliyempa. Ndiyo sababu ombi la mbegu halikuhesabiwa kuwa deni. Pale ambapo malipo yalikuwapo, mara nyingi yalikuwa ya mbegu kwa mbegu: pingili kwa marando, chipukizi la mgomba kwa kokwa za aina nyingine ya embe.

Mto haukuwa mpaka wa ugawanaji huo. Ruvuma ilifanywa mpaka wa madola mwaka 1886, Wajerumani na Wareno walipogawana nchi, lakini Wamakonde waliendelea kuishi pande zote mbili, na vita vya ukombozi wa Msumbiji, kuanzia mwaka 1964, vilivusha maelfu ya watu waliokuja kulima upande wa kaskazini. Majina ya muhogo yanashuhudia mwendo huo. Msumbiji kuna aina iitwayo Chigoma Mafia. Mwanafunzi wa isimu hahitaji kuelezwa mengi: kiambishi ki- cha Kiswahili hulingana na chi- katika Kimakonde na Kiyao, na neno la pili ni jina la kisiwa kilicho mbele ya delta ya Rufiji. Jina la kaskazini limetamkwa kwa kinywa cha kusini.

Namba na jina

Kisa kinachostahili kukumbukwa kuliko vyote katika historia hii kilianzia mbali na Mtwara, katika kituo cha utafiti cha Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki. Huko, katika miaka ya 1930, Storey na wenzake walianza kutafuta muhogo unaostahimili magonjwa ya virusi. Mwaka 1936 Storey alieleza kwa mara ya kwanza ugonjwa ambao leo huitwa michirizi kahawia. Ugonjwa huo una hila: shina na majani huweza kuonekana yenye afya, kumbe ndani ya kiazi mna uozo mkavu wa rangi ya kahawia ambao hauonekani mpaka kiazi kikatwe. Storey, na baada yake Nichols na Jennings, waliuchanganya muhogo na jamaa zake wa porini, ukiwamo mti wa mpira wa Ceará, kisha wakaurudisha tena na tena kwenye muhogo wa kuliwa. Kazi hiyo ilikoma mwaka 1957. Miongoni mwa mazao yake kulikuwa na mmea uliopewa namba 46106/27.

Namba hiyo haikutamkika shambani, wala haikuhitaji kutamkwa. Mmea wenyewe ulitoka kituoni ukaingia katika mikono ya wakulima. Katika pwani ya Kenya ukajulikana kwa jina la Kaleso. Kusini mwa Tanzania kulikuwa na muhogo ulioitwa Namikonga, jina lenye Na- ya mwanzo ile ile inayosikika katika Nanyamba, Nanguruwe, Nachingwea na Naliendele. Miongo kadhaa baadaye, wataalamu walipolinganisha vinasaba, Kaleso na Namikonga zilionekana kulingana, nayo Kaleso ikatambuliwa kuwa ndiyo 46106/27 ya Amani.

Uzito wa jambo hili uko katika muda. Tangu utafiti wa Amani ulipokoma hadi ugonjwa ulipoanza kushughulikiwa upya katika miaka ya 1990, mmea uliokuwa na ustahimilivu uliotafutwa kwa zaidi ya miaka ishirini ulitunzwa na watu ambao hawakuwa na faili wala mshahara wa kuutunza. Uchunguzi wa miaka hiyo ya 1990 ulionesha kwamba michirizi kahawia ilikuwa imeenea mno katika pwani ya kusini, na kwamba baadhi ya aina za wenyeji, kama Namikonga na Nachinyaya, zilistahimili kuliko nyingine. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa vinasaba uliotumia uzao wa Namikonga na Albert, aina ya kusini inayodhurika upesi. Sayansi ilirudi kuomba mbegu kwa jirani aliyepewa.

Ugonjwa ndani ya zawadi

Itakuwa kosa, hata hivyo, kuusifu ugawanaji bila kutaja madhara yake. Pingili haibebi tabia njema tu; hubeba na virusi. Inzi weupe hueneza michirizi kahawia kutoka mmea hadi mmea, jambo lililothibitishwa kwa majaribio mwaka 2005, lakini safari ndefu, za kutoka wilaya hadi wilaya, hufanywa zaidi na mzigo wa pingili mabegani, kwenye baiskeli au juu ya lori. Mtoaji anaweza kutoa kwa moyo safi mbegu ambayo majani yake hayana doa, na mpokeaji akagundua msiba wakati wa kuvuna. Methali mgeni njoo, mwenyeji apone haina budi kusomwa pamoja na tahadhari hii.

Hapo ndipo sheria inapoingia. Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003 iliweka utaratibu wa kuthibitisha mbegu zinazouzwa nchini Tanzania. Ndani yake kuna nafasi ya mbegu za daraja la kuazimiwa ubora, ambazo huzalishwa na wakulima waliosajiliwa, hukaguliwa, na kuuzwa katika eneo lenye mipaka. Mwaka 2012 ikatungwa sheria ya haki za wagunduzi wa aina mpya za mimea. Kwa upande mwingine, Tanzania ni mwanachama wa mkataba wa kimataifa wa mwaka 2001 kuhusu rasilimali za vinasaba vya mimea ya chakula, ambao unatambua mchango wa wakulima katika kuhifadhi rasilimali hizo, na muhogo umo katika orodha ya mazao yake. Mjadala kuhusu mahali ambapo haki ya mgunduzi inakoma na desturi ya jirani inaanza haujaisha.

Katika mjadala huo lugha ina la kusema. Istilahi zinazotumika mara nyingi hugawanya mbegu katika iliyo rasmi na isiyo rasmi, kana kwamba upande wa pili hauna mpangilio wowote. Majina yanaonesha kinyume chake. Mkulima anayesema hii ni Namikonga na ile ni Albert anatoa uainishaji, tena uainishaji wenye matokeo, kwa kuwa moja itamlisha mahali ambapo nyingine itamwozea. Uainishaji huo una kasoro zake: aina moja huweza kuwa na majina mawili, na jina moja likabebwa na aina mbili. Lakini kasoro hizo zinarekebishika iwapo majina yatakusanywa pamoja na mimea yenyewe, mahali ilipopatikana, na aliyeitoa. Kazi hiyo inamhitaji mwanaisimu ajuaye Kimakonde, Kimakua, Kiyao na Kimwani sawasawa na mtaalamu wa vinasaba.

Hitimisho

Imeelezwa kwamba Kiswahili kiliyapokea mazao ya kigeni kwa kuyataja kwa jina la mtoaji au kwa kuyatungia jina la mti; kwamba pingili za muhogo zilienea kwa sababu zilikuwa ziada isiyoliwa; na kwamba ziada hiyo iliokoa kazi ya kisayansi baada ya kituo chake kuiacha, huku ikisambaza pia ugonjwa uliokusudiwa kupingwa. Mambo haya mawili hayatenganishwi kwa kukataza mkono usitoe. Kinachowezekana ni kuhakikisha kwamba pingili safi inaingia katika mkono huo mapema, ikiwa na jina ambalo watu watalitamka. Aina iliyopewa jina la Naliendele, kituo cha utafiti kilicho karibu na mji wa Mtwara, ilikuwa hatua katika njia hiyo, kwa kuwa jina lake lilikuwa tayari vinywani mwa wenyeji. Kamusi za majina ya mimea ya kusini bado ni chache, na wazee wanaoyajua majina hayo hawangoji. Mwanafunzi atakayekwenda kuyakusanya na aanzie katika konde linalong'olewa, aulize mbegu hii inaitwaje, na ilitoka kwa nani.