Mchanga ufaao katika tangi la aksolotli

AKSOLOTLI ni mnyama wa jamii ya salamanda ambaye asili yake ni maziwa na mifereji ya Xochimilco, kusini mwa jiji la Mexico. Jina lake la kisayansi ni Ambystoma mexicanum. Tofauti na chura, ambaye huanza maisha majini kisha akahamia nchi kavu, aksolotli kwa kawaida hubaki majini maisha yake yote. Hata anapopevuka, mashavu yake ya kupumulia huendelea kuning'inia nje ya kichwa mithili ya manyoya.

Porini, mnyama huyu amekaribia kutoweka. Hesabu ya mwaka 1998 ilionyesha aksolotli wapatao 6,000 katika kila kilomita ya mraba ya Xochimilco. Kufikia mwaka 2014, walikuwa wamesalia takriban 36. Walio wengi leo wanaishi katika maabara na katika matangi ya kioo majumbani, na aghalabu ni wa ukoo wa wale waliosafirishwa hadi Paris, Ufaransa, katika miaka ya 1860.

Anayemfuga hana budi kujua kwamba kilicho chini ya tangi chaweza kumwua mnyama huyu upesi kuliko njaa.

Namna anavyokula

Aksolotli hatafuni. Anapohisi windo karibu naye, hufungua kinywa ghafla na kuvuta maji, na chochote kilicho karibu huingia pamoja na maji hayo. Meno yake ni madogo mno, nayo kazi yake ni kushika tu. Kwa sababu hiyo, anapookota mnyoo sakafuni huweza kumeza na kijiwe kilichokuwa kando yake. Kijiwe kikishindwa kupita, huziba matumbo, na mnyama hufa polepole.

Kutokana na hali hiyo, wafugaji wana kanuni moja: kitu chochote kilicho kikubwa kuliko punje ya mchanga na kidogo kuliko kichwa cha aksolotli hakifai kuwekwa tangini. Kokoto na changarawe zinazopendeza katika matangi ya samaki ndizo hatari kuu.

Kioo kitupu nacho kina kasoro yake. Aksolotli hutembea sakafuni kwa miguu minne, na kwenye kioo huteleza. Mchanga mwororo humpa mahali pa kukanyaga, na huwa karibu zaidi na sakafu laini ya mifereji ya kwao.

Kuchagua mchanga

Mchanga ufaao una punje zisizozidi milimita 1, za mviringo, zisizo na ncha kali. Mchanga wa kuchujia maji ya mabwawa ya kuogelea na ule wa kuchezea watoto hutumiwa sana. Mchanga wa ujenzi haufai kwa kuwa huchanganyika na vijiwe, na punje zake huwa kali. Mchanga wa pwani una chumvi na vipande vya makombe. Ule uliotiwa rangi waweza kuichuja rangi hiyo majini.

Majaribio mawili rahisi husaidia. Tia matone ya siki juu ya mchanga mkavu: ukitoa povu, una chokaa, nao utabadilisha maji. Kisha pitisha sumaku juu yake. Punje zikinasa, kuna chuma ndani, na ni heri kutafuta mchanga mwingine.

Aksolotli mchanga kwa umri, ambaye hajafikia urefu wa sentimita 12 hivi, asiwekewe mchanga wowote. Kwa umri huo hata punje ndogo zaweza kumziba.

Kuosha na kuweka

Osha mchanga kidogo kidogo ndoonin, ukiukoroga kwa mkono na kumwaga maji, hadi maji yatoke maangavu. Usitumie sabuni, kwani mabaki yake hudhuru ngozi nyororo ya mnyama.

Tabaka la sentimita 2 latosha. Tangi lenye urefu wa sentimita 90 na upana wa sentimita 45 litahitaji takriban kilo 13 za mchanga mkavu. Mawe makubwa na mapango ya kujifichia yawekwe juu ya kioo kabla ya kumwaga mchanga, yasije yakazama na kumbana mnyama.

Utunzaji

Mchanga huficha uchafu. Kinyesi na mabaki ya chakula yakioza hutoa amonia, ambayo ni sumu hata ikiwa kidogo. Ondoa kinyesi kila siku kwa bomba dogo la kunyonyea. Mara moja kwa wiki, koroga mchanga taratibu kwa vidole, kisha nyonya uchafu kwa mpira ulioinuliwa kidogo juu ya sakafu, na ubadilishe takriban robo ya maji. Maji mapya yawe yameondolewa klorini, na yawe na joto linalokaribiana na la tangi, yaani nyuzi 16 hadi 18 za Selsiasi.

Mchanga ulio mzito na usiokorogwa hukosa oksijeni chini. Hapo huzuka mabaka meusi na gesi yenye harufu ya yai viza, ambayo ni sumu. Ukiyaona mabaka hayo, mhamishe mnyama kwanza, ndipo uufukue mchanga.

Kulisha kwa kibano, au kuweka nyungunyungu katika kisahani, hupunguza mchanga unaomezwa.

Dalili za hatari

Aksolotli aliyeziba hukataa chakula kwa siku kadhaa, hatoi kinyesi, tumbo lake hufura, na pengine huelea bila kupenda. Dalili hizi zikiandamana, apelekwe kwa daktari wa mifugo. Asikamuliwe tumbo wala asipewe dawa za binadamu.

Kwa mfugaji asiyeweza kusafisha mara kwa mara, vigae visivyoteleza vilivyopangwa bila kuacha nyufa ni bora kuliko mchanga. Vyampa mnyama mahali pa kukanyaga, na uchafu huonekana papo hapo.