Kanisa, sinagogi, msikiti: jengo la wakimbizi linalolindwa na sheria London

Vijana wenzetu, leo tunawaletea historia ya jengo moja. Liko London, kwenye kona ya barabara ya Brick Lane, eneo la Spitalfields. Ni la tofali, lina madirisha marefu, na juu ukutani kuna saa ya jua, ile inayoonyesha wakati kwa kivuli, imeandikwa mwaka 1743. Leo ni msikiti. Lakini waliolijenga walikuwa Wakristo, tena wakimbizi kama sisi.

Hao ni Wahugenoti, Waprotestanti wa Ufaransa. Mwaka 1598 mfalme Henri wa Nne alitoa amri ya Nantes iliyowaruhusu kuabudu. Mwaka 1685 Louis wa Kumi na Nne akaifuta. Makanisa yao yakabomolewa, wachungaji wakafukuzwa, na waumini wa kawaida wakakatazwa hata kutoka nchini. Pamoja na hayo makumi ya maelfu walivuka bahari wakaingia Uingereza. Lile neno la Kiingereza la kumwita mkimbizi, ambalo liko kwenye karatasi zetu, lilitoka kwenye Kifaransa na kuenea kupitia kwao.

Wengi walikuwa mafundi wa kusuka hariri. Ukipita mitaa ya Spitalfields kama Fournier Street, tazama juu kabisa chini ya paa: utaona madirisha mapana sana. Siyo urembo. Msukaji alihitaji mwanga mwingi ili aone nyuzi. Yaani wenyewe hawapo tena, lakini kazi yao bado inasomeka ukutani.

Wajukuu wao wakawa Waingereza, wakahama. Mwaka 1819 kanisa likachukuliwa na Wamethodisti. Baada ya 1881 Wayahudi walikimbia mauaji katika himaya ya Urusi, wengi wakafikia mitaa hiyo hiyo, na mwaka 1898 jengo likawa sinagogi. Nao wakahama. Wakaja Wabangladeshi, wengi wakafanya kazi ya kushona nguo, na mwaka 1976 likawa msikiti. Kila kundi lilibadilisha ndani kwa mahitaji yake. Ile saa ya jua hakuna aliyeing'oa.

Sasa, kwa nini halikubomolewa? Hapa ndipo sheria inaingia. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia mabomu yalivunja miji mingi ya Uingereza. Wasanifu majengo waliandika orodha za majengo ya thamani, ili yakipigwa bomu yasimalizwe na watu wa kusafisha kifusi. Kutokana na kazi hiyo, sheria za 1944 na 1947 zilianzisha orodha ya taifa. Ina madaraja matatu: la kwanza, la pili lenye nyota, na la pili. Jengo letu la Brick Lane ni daraja la pili lenye nyota. Kuwa kwenye orodha si kwamba huwezi kugusa kitu. Unaweza kutengeneza na kubadilisha, ila uombe kibali kwanza. Ukivunja bila kibali ni kosa la jinai.

Lakini orodha peke yake haitoshi. Mwaka 1977 nyumba za zamani za Elder Street, hapo hapo Spitalfields, zilikuwa zinataka kubomolewa. Kikundi cha watu kiliingia kikakaa ndani, kikakataa kutoka, na nyumba zikapona. Huo ndio mwanzo wa taasisi ya kutunza majengo ya Spitalfields, ambayo ipo hadi leo.

Tuseme ukweli wote, kuna upande mchungu. Sheria hii inalinda ukuta, hailindi mpangaji. Nyumba zile za wasukaji zikatengenezwa vizuri, bei ikapanda, na leo zinauzwa kwa mamilioni ya pauni. Familia ya mkimbizi anayeingia London sasa haiwezi kupanga pale. Kumbukumbu ya wakimbizi imebaki mahali ambapo mkimbizi mwenyewe hawezi kuishi.

Hapa kambini nyumba zetu ni tofali za udongo na turubai. Hazitakaa miaka 280, na hatuombi zikae, kwa sababu tunataka kurudi nyumbani au kusonga mbele. Ila tunaomba jambo moja, hasa kwa ndugu zetu wa mashirika mnaotusoma. Kijiji kikihamishwa au blok ikifungwa, ripoti huandika idadi ya nyumba na vyoo. Haiandiki kwamba darasa lile lilianzishwa na walimu wakimbizi kabla ya mabati kufika, au kwamba kanisa lile na msikiti ule vilijengwa kwa tofali zilizofyatuliwa na vijana wa hapa.

Waingereza walianza na karatasi na kalamu, mabomu yakiwa bado yanaanguka. Sisi tuna simu. Basi tuanze na blok zetu: piga picha ya jengo, andika lilijengwa mwaka gani, nani walilijenga, lilifanya kazi gani kabla ya hii ya sasa. Waulize wazee wakiwa bado wapo. Mkituletea, tutaziweka pamoja kama orodha yetu.