Viambata vya Mimea Vinavyotuliza Mzio

Viambata vya mimea vinavyotuliza mzio ni kemikali ambazo mmea huzitengeneza katika mbegu, mizizi, maganda au majani yake, na ambazo zikiingia mwilini mwa binadamu hupunguza uvimbe, mwasho, kamasi na kubanwa kifua kunakoletwa na mzio. Baadhi hutumiwa vikiwa ghafi, ndani ya chakula au dawa za asili. Vingine viligeuka kielelezo ambacho wanakemia walikifuata na kukibadilisha hadi kupata dawa za hospitali. Ushahidi wa kundi hili la pili ni mzito kuliko wa lile la kwanza, na anayesoma habari za dawa za mimea hana budi kuyatenganisha.

Mzio huanza pale mfumo wa kinga unapokichukulia kitu kisicho na madhara, kama chavua, kinyesi cha utitiri wa vumbi au karanga, kuwa ni adui. Mwili hutengeneza kingamwili za aina ya IgE dhidi ya kitu hicho, nazo hujishikiza juu ya seli za masti, ambazo Mjerumani Paul Ehrlich alizieleza mwaka 1878. Seli hizo hukaa kwenye ngozi, puani, machoni, utumboni na katika njia za hewa, zikiwa zimejaa vipunje vya histamini. Kitu kile kikirudi, kingamwili hukinasa, kalisi huingia ndani ya seli, na vipunje humwagwa nje ndani ya dakika chache: macho yanawasha, pua inachuruzika, ngozi inavimba, kifua kinabana. Baada ya saa kadhaa huja wimbi la pili, la kemikali za uvimbe ziitwazo lukotrini na saitokini, pamoja na seli nyingine za kinga zilizoitwa kusaidia, na hilo ndilo linalofanya pumu au pumu ya ngozi idumu. Dawa za kawaida za kuzuia histamini, kama setirizini, hufanya kazi mwishoni mwa mkondo huu: histamini imekwisha kumwagwa, ila haipati pa kushika. Jambo lililowavutia watafiti kwa mimea ni uwezekano wa kuizuia seli ya masti isimwage kabisa.

Mfano ulio kamili kuliko yote unatoka Misri. Khella, ambayo jina lake la kisayansi ni Ammi visnaga, ni ndugu wa giligilani, bizari nyembamba na karoti. Vijiti vikavu vya shada lake la maua hutumiwa kuchokolea meno, na mbegu zake Wamisri wamekuwa wakizichemsha tangu zamani na kunywa maji yake ili kutuliza maumivu ya mawe ya figo. Kiambata chake kikuu, kelini, kilitenganishwa mwaka 1879. Katika miaka ya 1940, mwanafiziolojia Gleb Anrep na wenzake mjini Cairo walionyesha kwamba kelini hulegeza misuli laini: hutanua mishipa ya damu ya moyo, na njia za hewa pia. Wagonjwa wa pumu walipewa, na baadhi walipata nafuu, lakini kichefuchefu kilikuwa kikubwa mno kwa dawa ya kunywa kila siku.

Kazi hiyo iliendelezwa Uingereza na daktari Roger Altounyan, aliyezaliwa mwaka 1922 mjini Aleppo, Syria, na ambaye mwenyewe alikuwa na pumu. Kampuni aliyofanyia kazi ilitengeneza kemikali nyingi zenye umbo la kelini zikiwa zimebadilishwa kidogo kidogo, na Altounyan alizijaribu mwilini mwake. Alikuwa na mzio wa simbilisi. Alivuta hewa yenye dondoo la manyoya ya mnyama huyo hadi kifua kikabana, akapima pumzi, kisha siku nyingine akavuta kwanza kemikali mpya na kurudia jaribio lile lile. Alifanya hivyo kwa miaka kadhaa. Lililomshangaza ni kwamba baadhi ya kemikali hizo hazikutanua njia za hewa hata kidogo, tofauti na kelini yenyewe, lakini zikivutwa kabla ya simbilisi zilizuia shambulio lisitokee. Hiyo ilikuwa aina ya dawa ambayo haikuwahi kuwapo: isiyotibu shambulio lililoanza, bali inayolitangulia.

Mwaka 1965 ilipatikana iliyofaa, sodiamu kromoglikati. Ikimezwa, hufyonzwa kidogo sana tumboni, takriban asilimia 1 tu, kwa hiyo ilibidi ifikishwe kifuani ikiwa unga mkavu. Altounyan, aliyekuwa rubani wa jeshi la anga katika Vita Kuu ya Pili, alibuni kifaa chenye panga dogo kama la ndege lililozungushwa na pumzi ya mgonjwa mwenyewe na kuutawanya unga. Dawa iliingia sokoni Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960. Leo kwa pumu imepitwa na steroidi za kuvuta, zenye nguvu zaidi, lakini matone yake ya macho na dawa yake ya kupuliza puani bado yanatumika, hasa kwa sababu madhara yake ni machache mno. Kutoka kelini hiyo hiyo ilipatikana pia amiodaroni, dawa ya mapigo ya moyo yaliyovurugika. Kwa mmea mmoja wa kando ya shamba, huo ni mchango wa kustahili heshima.

Umbo la kromoglikati linafanana kwa kiasi na lile la flavonoidi, familia kubwa ya viambata vinavyoipa mimea rangi na kinga. Kilichochunguzwa zaidi humo ni kwesetini, inayopatikana kwa wingi katika vitunguu, hasa vyekundu, na katika maganda ya tofaa. Mwaka 1977 watafiti wa Uingereza walionyesha kwamba kwesetini huzuia kalisi isiingie katika seli za masti za panya, na seli zikakoma kumwaga histamini. Mwaka 2012 utafiti uliofanywa Marekani kwa seli za masti za binadamu uliona kwesetini ikizuia saitokini vizuri kuliko kromoglikati. Matokeo hayo ni ya kweli, lakini ni ya ndani ya chupa za maabara. Kwesetini ikiliwa, hufyonzwa kidogo, kisha ukuta wa utumbo na ini huifunga na kuibadilisha, na kiasi kinachobaki huru katika damu ni kidogo sana kikilinganishwa na kile kilichomiminwa juu ya seli. Kachumbari ni chakula kizuri; kuiita tiba ya mafua ya mzio ni kuruka hatua.

Manjano nayo ina tatizo hilo hilo, tena kwa ukali zaidi. Kurkumini, kiambata chake cha rangi, ilitenganishwa mwaka 1815 na imeonyesha maabara kwamba huzima njia nyingi za uvimbe, ila haidumu katika maji yenye hali ya damu na haifyonzwi vizuri. Piperini ya pilipili manga huongeza ufyonzwaji wake mara nyingi, kwa sababu hulizuia ini lisiiharibu. Kwa njia hiyo hiyo piperini inaweza kupandisha kiwango cha dawa nyingine anazotumia mgonjwa, na hapo kidonge cha manjano na pilipili manga si sawa tena na mchuzi.

Habasoda, Nigella sativa, ina nafasi ya pekee katika pwani ya Afrika Mashariki na Uarabuni, ambako hutafunwa, husagwa na kuchanganywa na asali, au hukamuliwa mafuta. Hadithi za Mtume zimeipa heshima kubwa miongoni mwa Waislamu. Kiambata chake kinachojulikana zaidi ni thaimokwinoni. Majaribio kwa wagonjwa wa mafua ya mzio na pumu yameonyesha nafuu, lakini mengi yalikuwa ya watu wachache na muda mfupi. Inastahili majaribio makubwa kuliko iliyoyapata.

Mmea mmoja wa Ulaya, Petasites hybridus, ulikwisha kuvuka hatua hiyo. Petasini iliyomo katika majani yake huzuia utengenezaji wa lukotrini, na mwaka 2002 jaribio la wagonjwa zaidi ya 100 huko Uswisi na Ujerumani lilikuta dondoo lake likikaribiana na setirizini katika kutuliza mafua ya chavua. Lakini mmea huo huo una alkaloidi zinazoharibu ini, ambazo lazima ziondolewe kiwandani kabla ya mtu kuumeza.

Viambata viwili vya zamani husaidia zaidi kwa kulegeza na kutanua njia za hewa. Efedrini ilitenganishwa na Mjapani Nagai Nagayoshi mwaka 1885 kutoka mmea unaotumika katika tiba ya Kichina. Hupandisha shinikizo la damu, na mwaka 2004 Marekani ilipiga marufuku virutubisho vyenye mmea huo. Theofilini ilipatikana kwenye majani ya chai mwaka 1888, ingawa kikombe cha chai kina kiasi kisichotosha kutibu. Aminofilini ya hospitali ni theofilini iliyofanywa iyeyuke kwa urahisi. Kipimo chake cha kufaa na cha kudhuru vinakaribiana.

Mimea yenyewe huweza pia kuleta mzio. Chai ya kamomili, kwa mfano, imewahi kusababisha mzio mkali kwa watu wenye mzio wa chavua za mimea ya jamii yake. Mgonjwa wa pumu asiache dawa yake ya kuvuta kwa sababu ya dawa ya mimea, na mjamzito, mtoto au mtu mwenye ugonjwa wa ini asianze dondoo lolote bila ushauri wa daktari au mfamasia. Aliyevimba midomo na ulimi, akashindwa kupumua au kuzirai baada ya kula kitu au kuumwa na nyuki, apelekwe hospitali papo hapo: tiba ya kwanza ni sindano ya adrenalini kwenye paja, na hakuna kiambata chochote kati ya vilivyotajwa kinachoshika nafasi yake.