Fidia Si Mavuno

Katika nchi yetu nyumba ilitozwa kodi kabla haijapata bima. Emin Pasha alianzisha kituo cha Wajerumani hapa Bukoba mnamo Novemba 1890, na miaka saba baadaye utawala wao ulitoa amri ya kodi ya nyumba, iliyoanza kutekelezwa katika koloni mwaka 1898. Waingereza nao waliiendeleza kwa sheria yao ya kodi ya nyumba na ya kichwa ya 1922. Mtu alihesabiwa kwa paa lake. Lakini msonge wa Mhaya ulipoungua, mtoza kodi hakuwa na la kusema. Waliofika ni ukoo na majirani, wakiwa na miti, nyasi na mikungu ya ndizi. Hiyo ndiyo iliyokuwa bima yetu, wala hakuna aliyefikiri kwamba miti iliyoletwa na jirani ilikuwa mapato.

Bima ya fedha ilizaliwa mbali na hapa. Moto wa mwaka 1666 uliteketeza sehemu kubwa ya London, na baada yake wakatokea wafanyabiashara wa kukatia nyumba bima. Kadiri miaka ilivyopita ikajengeka kanuni moja: fidia humrudisha mtu pale alipokuwa, haimtajirishi. Mwaka 1883, katika shauri la Castellain na Preston, Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliamua juu ya mtu aliyekuwa akiuza nyumba yake, ikaungua kabla mauzo hayajakamilika. Alilipwa na kampuni ya bima, kisha akalipwa bei yote na mnunuzi. Akaamriwa kuzirudisha fedha za bima, kwa kuwa hasara aliyofidiwa haikuwepo tena.

Kwetu Shirika la Bima la Taifa liliundwa mwaka 1963, na baada ya Azimio la Arusha la 1967 biashara ya bima ikawa mikononi mwa umma, hadi Sheria ya Bima ya 1996 ilipofungua mlango kwa kampuni binafsi. Hata hivyo, wenye nyumba za kuishi waliokata bima walikuwa wachache. Majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera mwishoni mwa 1978, nyumba nyingi ziliharibiwa, na hati za kawaida za bima hazilipi hasara ya vita.

Kisha likaja tetemeko la Jumamosi, Septemba 10, 2016, lenye kipimo cha 5.9. Watu wasiopungua 17 walipoteza maisha, maelfu ya nyumba zikabomoka au kupasuka, na Sekondari za Ihungo na Nyakato zikalazimika kufungwa. Serikali ilieleza kwamba michango ingeelekezwa zaidi kwenye majengo ya umma, na kwamba wananchi wajijengee nyumba zao. Siku zile nilimsikia mzee mwenzangu wa hapa Kibeta akisema bima haina maana, kwani fedha zikitoka tu, serikali itadai fungu lake. Wengi walitikisa vichwa kumkubalia.

Hofu hiyo, msomaji mpendwa, haina msingi kwa mtu anayeishi katika nyumba yake. Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 hutoza mapato ya ajira, ya biashara na ya uwekezaji. Ukuta wa chumba unacholala si kimojawapo kati ya hayo. Ukipasuka, na kampuni ikakulipa shilingi milioni nane za kuujenga upya, hukupata kitu, umerudishiwa chako. Aliyeibiwa mbegu akarudishiwa hajavuna.

Mambo hubadilika pale nyumba inapoingiza fedha. Tuseme una vyumba vitatu vya uani, kila kimoja hupangishwa kwa shilingi 50,000 kwa mwezi, na bima yako inafidia pia pango lililopotea. Ukilipwa shilingi 900,000 za miezi sita, hayo ni mapato, kwa sababu yamechukua nafasi ya pango ambalo lingetozwa kodi. Vivyo hivyo kwa bidhaa za duka: fidia yake huingia katika hesabu ya biashara. Ama jengo la biashara likiangamia kabisa, sheria inampa mwenyewe nafasi: akipata jengo jingine la aina hiyo ndani ya mwaka mmoja, anaweza kuomba kwa maandishi faida isihesabiwe wakati huo. Kwa hiyo swali ni moja tu: fedha hizi zimeziba pengo la nini?

Anayetafuta mahali kodi inapomgusa mwenye nyumba aangalie kwingine. Ada ya bima ya nyumba hubeba kodi ya ongezeko la thamani. Na kodi ya majengo, tangu Agosti 2021, hukatwa tunaponunua umeme wa LUKU. Kodi hizi tunazilipa nyumba ikiwa nzima. Nionavyo mimi, ni jambo la kusikitisha kwamba tunalipa bila kusita kodi ya nyumba iliyosimama, lakini tunaogopa kodi isiyokuwepo juu ya nyumba iliyoanguka, na kwa hofu hiyo tunabaki bila kinga yoyote.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kagera ina nyufa nyingi tangu 2016. Anayekusudia kukata bima asome hati yake kwanza aone kama neno tetemeko limo, kwani katika hati nyingi halimo mpaka uliombe na kuliongezea ada. Akipata fidia, atenganishe katika daftari fedha za ukuta na fedha za pango. Mwenye daftari la namna hiyo hana haja ya kumkimbia afisa wa kodi anapobisha hodi.