Kandili ya Stesheni ya Voi

Reli hupita ukingoni mwa Buruburu, upande wa Mutindwa, ikaelekea Dandora na Thika. Mtaa wetu ulianza kujengwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini reli ilifika Thika tangu mwaka 1913. Utotoni nilidhani kila gari la moshi lililopiga honi usiku lilikuwa likienda Voi kwa nyanya. Sikujua kuwa la Voi lilifuata njia nyingine.

Wanahistoria wametuhesabia gharama ya njia hiyo. Ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896, ukafika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901. Wahindi zaidi ya 30,000 waliletwa kwa mkataba, na wapatao 2,500 kati yao walikufa. Simba wa Tsavo husimuliwa mno. Walakini maradhi na ajali viliua wengi kuliko simba. Hesabu hiyo ni ya haki, ila imewasahau wazee waliobaki vijijini, ambao reli iliwachukulia wana wao kwenda kutafuta fedha ya kodi, na baadaye mshahara wa mjini, kisha ikawarudisha kwa likizo chache.

Nyanya alikuwa mmoja wa wazee hao. Kila Desemba tulipanda daraja la tatu, saa moja ya jioni, na chapati na mayai ya kuchemsha ndani ya kikapu cha mama. Twaliita gari la moshi, ijapokuwa moshi wenyewe ulikuwa haba, maana injini za mvuke zilikuwa zikiondolewa. Baba, ambaye nyumbani hakuwa na maneno mengi, humo behewani alikuwa mtu mwingine. Alituhesabia stesheni kama mtu ahesabuye jamaa zake: Athi River, Konza, Sultan Hamud, Makindu, Kibwezi, Mtito Andei, Tsavo. Kwa Sultan Hamud alisita atueleze kuwa hilo ni jina la Sultani wa Unguja aliyetawala mpaka mwaka 1902. Yote niliyoyajua ya utoto wa baba niliyasikia kati ya Konza na Tsavo.

Usiku wa manane tulifika Voi. Nyanya alikuwa akingoja na kandili, akiinyanyua mbele ya kila dirisha na kuuliza, "Mwanangu, umo?"

Mwaka mmoja kandili ilikuwapo, lakini ilikuwa chini, karibu na goti, na aliyeishika alikuwa baba mdogo. Baba aliiona kabla gari halijasimama. Hakusema neno. Aliinama akanifunga kamba za viatu, ingawa nilikuwa na umri wa kujifunga mwenyewe. Nyanya alikuwa amefariki asubuhi ya siku ile ile tuliyoondoka; hawakutafuta njia ya kutuarifu, kwa kuwa walijua gari la usiku litatuleta.

Gari lile la usiku lilikoma mwaka 1917 na mia moja zaidi, yaani 2017, na mwaka huo huo reli mpya ikafunguliwa. Sasa mtu huondoka Syokimau akafika Mombasa kwa muda wa saa tano hivi. Hata kikapu hakihitajiwi. Hilo nalisifu, nami hulipanda. Safari moja nilishuka Voi mchana pamoja na binti yangu, tukaenda stesheni ya zamani. Aliniuliza nyanya alisimama wapi. Nikamwonyesha.