Ununuzi wa gari lililotumika: Mambo ya kukagua kabla ya kulipa

Na Mwandishi Wetu, Same

MAGARI madogo yaliyotumika kutoka Japani, hususan Toyota Vitz iliyoanza kuuzwa huko mwaka 1999 na Toyota IST iliyofuata mwaka 2002, yamekuwa chaguo la wakazi wengi wa mijini, kwa kuwa hula mafuta kidogo na vipuri vyake hupatikana kwa urahisi.

Hata hivyo, gari linaloonekana zima kwenye lami ya Dar es Salaam laweza kumwaibisha mkazi wa Same ambaye mwisho wa wiki hupanda kwenda Mbaga, Chome au Suji katika Milima ya Upare. Katika njia hizo zenye miinuko mikali, breki dhaifu au rejeta mbovu si usumbufu tu, bali ni hatari kwa maisha.

Mnunuzi aanze na nyaraka. Namba ya chasisi na ya injini zilinganishwe na zile zilizomo kwenye kadi halisi ya usajili, si kivuli chake. Iwapo kadi ina jina la benki, huenda gari hilo bado ni dhamana ya mkopo. Aidha, iangaliwe kama gari lina deni la faini za usalama barabarani, na umiliki uhamishwe Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) bila kuchelewa.

Injini ikaguliwe asubuhi ikiwa ya baridi. Muuzaji anayelipasha gari moto kabla mteja hajafika huenda anaficha ugumu wa kuwaka. Moshi wa buluu huashiria kuwa injini inaunguza oili, mweusi kuwa inapokea petroli kupita kiasi, na mweupe usiokwisha hata injini ikipata moto kuwa maji yanaingia ndani ya silinda. Oili iliyogeuka rangi ya maziwa ni dalili kuwa imechanganyika na maji.

Swichi inapofunguliwa, taa ya injini kwenye dashibodi sharti iwake, kisha izimike baada ya injini kunguruma. Isipowaka kabisa, yawezekana imeondolewa ili kuficha hitilafu. Vile vile, kilometa chache kwenye dashibodi haziaminiki iwapo pedali zimelika na usukani umechakaa.

Kwa gari la gia za kujiendesha, mafuta ya gia yaliyokuwa mekundu yakiwa meusi na yananuka kuungua, matengenezo yake yaweza kugharimu fedha nyingi. Mlio wa kugongagonga wakati wa kukata kona huku usukani umekunjwa hadi mwisho huonyesha kuwa viungio vya ekseli za mbele vimechoka.

Gari lililotoka pwani likaguliwe kutu chini, kwani hewa ya chumvi hula bodi. Tope chini ya zulia na harufu ya uvundo vyaweza kuonyesha kuwa gari liliwahi kuzama katika mafuriko. Kwenye tairi, tarakimu nne za mwisho wa namba ya utengenezaji hutaja wiki na mwaka. 2219, kwa mfano, ni wiki ya 22 ya mwaka 2019.

Jaribio la mwisho ni mlima. Gari lipandishwe likiwa na abiria, huku dereva akitazama mshale au taa ya joto. Wakati wa kuteremka atumie gia nzito ili breki zisipate moto kupita kiasi. Pedali ikianza kuzama, au gari likivuta upande mmoja, asilipe hadi kasoro hiyo itengenezwe.

Fundi wa kukagua achaguliwe na mnunuzi mwenyewe, si dalali wala muuzaji. Ujira wake ni mdogo ukilinganishwa na gharama ya kufungua injini. Wahenga walisema, mtaka cha uvunguni sharti ainame. Kwa mnunuzi wa gari, uvungu huo ni wa kuinamia kweli.